Kikomo Hakitoki

Siku Melkior alipomwambia Elisifa aondoe kikomo kwenye taa, alimwambia kwa upole, kama mtu anayemwomba mwenzake asogeze kiti kidogo. Walikuwa karakanani, nyuma ya soko kuu la Moshi, na mvua ya masika ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi wasogeleane ndipo wasikizane. Elisifa alikuwa ameshika chuma cha kulehemu. Alikirudisha kwenye kishikio chake, akajifuta mikono, akasema hapana.

Melkior alidhani mvua imemchanganya. Akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Elisifa naye akarudia, kwa sauti ile ile ya kwanza. Fredy, fundi mwenzake aliyekuwa akishona mikanda ya taa kwenye meza ya pili, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano.

Melkior alikuwa mtu wa Kibosho, na biashara aliianza miaka ya themanini, pale milango ya nchi ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia tena. Kabla ya hapo hata betri ya redio uliipata kwa kujuana. Aliuza betri, kisha redio, kisha vipuri vya redio. Kufikia mwaka 2006 kila duka mjini lilikuwa linauza kila kitu, na faida ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi ya sigara. Ndipo akapata wazo la kutengeneza kitu chake mwenyewe, taa ya kuvaa kichwani kwa ajili ya watu wa mlimani. Waongoza wageni na wapagazi walikuwa wengi, wageni waliongezeka kila msimu, na Melkior hakuona kwa nini kila taa inayopanda kilele cha Kibo itoke ng'ambo. Lilikuwa wazo zuri, na Elisifa alimheshimu kwa hilo hata baada ya yote yaliyotokea.

Elisifa ndiye aliyeajiriwa kuibuni taa hiyo. Alikuwa binti wa Machame aliyesomea umeme na elektroniki Arusha, akafanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya simu, joto likamshinda, akarudi. Nyumbani kwao walisema alizaliwa akibisha. Mwanga wa taa yake haukutoka kwenye balbu ya kawaida. Ulitoka kwenye LED, kitu kidogo kisichozidi punje ya hindi, na nyuma yake kulikuwa na chipu yenye programu aliyoiandika yeye mwenyewe. Kwa kuwa programu hiyo ndiyo iliyoiendesha LED, yeye na Fredy walikuwa wakiiita dereva. Iliiwasha na kuizima LED haraka mno, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Ikiiacha imewaka kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyoizima, mtu anaona mwanga mkali, na ikifanya kinyume, mwanga unakuwa hafifu. Ndani ya programu hiyo Elisifa alikuwa ameweka kikomo. Hata mtu abonyeze kitufe mpaka kidole kiume, LED haikupewa zaidi ya theluthi ya nguvu yake.

Kikomo hicho alikiweka kwa sababu ya kaka yake. Eliezeri alikuwa msaidizi wa mwongoza wageni, na msimu mmoja, akimshusha mgeni aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko juu ya kambi ya Barafu, taa yake ya kichwani ilikatika. Haikufifia kwanza ili kumpa nafasi ya kujipanga. Ilikatika tu, mguu wake ukiwa tayari hewani. Mgeni alifika chini salama. Eliezeri alifika kwa machela, na goti lake la kulia halikukunjika tena sawasawa. Sasa alikuwa akishinda kihambani, shamba la nyumbani, na ng'ombe wao na mibuni iliyobaki.

Elisifa aliifungua taa ile mezani, na alichokikuta kilimkosesha raha kwa muda mrefu. Betri hazikuwa zimeisha. Zilikuwa na nguvu ya kuwaka mpaka asubuhi. Tatizo lilikuwa kwamba kwenye baridi kali betri huwa nzito kutoa umeme, na LED ile ilikuwa inadai wote kwa mpigo; umeme ukashuka ghafla, chipu ikazimia. Mtu angepanda na betri mpya kabisa na bado angeachwa gizani. Ukiibana LED isidai kupita kiasi, betri hiyo hiyo itatoa kidogo kidogo bila kusita. Ili kuhakikisha, alimwomba mwenye bucha mmoja wa Majengo amruhusu kuweka taa kwenye friza lake, kati ya mapaja ya mbuzi. Zenye kikomo ziliwaka mchana kutwa. Zisizo nacho zilikatika moja baada ya nyingine, na mwenye bucha akawa anawaambia wateja kwamba nyama yake sasa ina taa za kusomea.

Melkior aliyajua yote hayo. Alipelekwa mwenyewe kwenye friza lile akaona. Kilichobadilisha mambo ni ziara ya Gladys.

Gladys alikuwa mwenye kampuni ya kupandisha wageni, mama wa makamo aliyeanza na mahema ya kuazima na sasa ana magari. Alikuja kutazama taa za kuwapa wapagazi wake wote. Melkior alimwingiza stoo, akafunga mlango, akawasha taa yao. Gladys akatoa mkobani taa ya dukani, iliyotoka ng'ambo, akaiwasha pembeni yake. Stoo nzima ikawa nyeupe. Ya kwao ikaonekana kama mshumaa uliosahauliwa. Gladys hakuwa na nia mbaya. Alicheka kidogo tu, akasema, "Ya kwenu inaona haya." Akaahidi kurudi wakiwa na kitu cha kumwonyesha.

Kwa hiyo Melkior alipomwomba Elisifa aondoe kikomo, hakuwa anazungumza kwa tamaa tupu. Alimweleza kwamba mteja ananunua kwa macho, na macho yake yapo dukani. Taa wanazoshindana nazo zinaingia kwa makontena. Gladys asiponunua, hakuna mwingine atakayenunua, na karakana itafungwa, naye Elisifa na Fredy na kina mama wanaoshona mikanda watarudi nyumbani. Elisifa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha friza.

"Mimi siuzi taa ndani ya friza," Melkior alisema.

"Zinakwenda kutumika ndani ya friza, bosi. Friza lenyewe ni ule mlima."

Melkior alimpa mpaka wiki inayofuata afikiri.

Jumamosi Elisifa alipanda Machame na taa moja mfukoni. Alitaka Eliezeri aione, na ukweli ni kwamba alitaka asifiwe. Giza lilipoingia kaka yake aliivaa kichwani, akachechemea nayo kati ya migomba, akashuka mpaka mfereji, akapanda tena. Elisifa alimngoja kwenye mlango wa zizi. Alitegemea neno zuri. Eliezeri alimwambia kwamba inatosha kwa kutazama miguu yako, lakini kuna mahali haitatosha. Ukungu ukishuka na njia ikagawanyika, mtu anahitaji kuona mbele, hata kwa kitambo tu, ajue ni mwamba upi wa kuufuata.

Elisifa alianza kumweleza habari za betri na baridi. Alimweleza hesabu yote aliyoipiga.

"Hesabu ni nzuri," Eliezeri alisema. "Lakini haijawahi kusimama pale juu na mtu anayetapika, ikitafuta njia."

Elisifa alikasirika. Aliingia jikoni akachukua mwiko kutoka mkononi mwa mama yake na kuusonga mtori kwa nguvu mpaka mama akamuuliza ndizi zimemkosea nini. Alimwona kaka yake kama mtu aliyejiunga na Melkior. Kila mtu alitaka mwanga zaidi. Hakuna aliyetaka kujua unatoka wapi. Alilala na hasira hiyo, akaenda nayo kanisani, akaimba nayo. Ilikuwa katikati ya mahubiri, mchungaji akizungumzia jambo lingine kabisa, alipojikuta anafikiri kwamba Eliezeri hakusema kikomo kiondolewe. Alisema kwa kitambo tu.

Jumatatu aliandika upya. Kikomo kilibaki palepale kilipokuwa. Lakini sasa mtu akishikilia kitufe, programu ilimpa mwanga wote kwa muda wa kutosha kutafuta njia, kisha ikamrudisha chini yenyewe, bila kumwomba ruhusa. Na kabla ya kumpa, ilipima betri kwanza. Betri ikiwa dhaifu, ilikataa. Alijiuliza kama hapo amelegeza msimamo, akajijibu kwamba hapana. Amefungua mlango, na komeo limebaki mkononi mwa programu.

Melkior aliipenda. Alijifungia stoo nayo, akashikilia kitufe, na mwanga ulipojaa ukutani Elisifa alimsikia akicheka peke yake kwa furaha. Kisha mwanga ulishuka na kicheko kikakoma. Alitoka akasema kwamba sasa wamefika, imebaki kidogo tu. Aifanye hivyo hivyo, ila isirudi chini.

Elisifa alisema hapana.

Melkior alikaa kwenye kiti cha Fredy. Alionekana mtu aliyechoka kweli. "Hii taa ni ya nani, Elisifa?"

"Ya kwako, bosi."

"Na hiyo programu?"

"Ya kwako pia. Umenilipa nikaiandika. Lakini kikomo hakitoki kwa mkono wangu. Ukitaka kitoke, tafuta mkono mwingine."

Hakupiga kelele, wala Melkior hakupiga. Alinyoosha tu kiganja, na Elisifa alielewa kinachodaiwa. Alitoa ufunguo wa karakana kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya kiganja hicho, akachukua mwavuli. Fredy alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Wote wawili walijua kwamba kazi iliyobaki ni ya kubadilisha namba moja kwenye mstari mmoja.

Alirudi Machame. Siku za kwanza alimsaidia kaka yake kukata majani ya ng'ombe, na watu waliopita njiani walimuuliza yuko likizo au vipi. Aliwajibu kwamba amefukuzwa. Aliona afadhali waisikie kutoka kwake, tena kwa sauti isiyotetemeka.

Kisha Fredy akambipu. Elisifa alipompigia, Fredy aliongea haraka haraka, kama anayeogopa salio la mwenzake litakatika. Kikomo kimetolewa, alisema. Yeye ndiye aliyekitoa. Ana mtoto na ana kodi ya nyumba, afanyeje. Gladys ameziona, amezipenda, amezichukua, na zitagawiwa kwa wapagazi wake kesho kutwa kwenye geti la Machame, kundi kubwa la wageni linapanda. Elisifa hakumlaumu. Alimuuliza jambo moja tu, kama ile programu yake imefutwa. Fredy akasema ipo kwenye kompyuta, na zile taa za kwanza kabisa zipo kwenye maboksi yake, hakuna aliyezigusa.

Baada ya simu hiyo Elisifa alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba kwa muda. Angeweza kuliacha jambo lile. Taa si zake, karakana si yake, na hata mlima si wake. Lakini kila alipojaribu kuliacha, alisikia goti la Eliezeri likilia ndani ya nyumba, kaka yake akiinuka kwenye kiti.

Asubuhi ya siku ya kugawa taa yeye na Eliezeri walishuka mjini kwa gari la maziwa kufuata barafu, wakapanda tena nayo mpaka getini, ndoo imefungwa kwa gunia. Mwenye bucha aliwajazia bila kuuliza maswali. Eliezeri alisisitiza kuja. Alisema watu wa pale wanamjua yeye, siyo dada yake, na msichana mwenye ndoo ya barafu anaweza kufikiriwa kuwa muuza soda.

Getini kulikuwa na manyunyu na kelele za kawaida. Mizigo ilikuwa inapimwa, wageni wamejikunyata kwenye makoti yao ya plastiki, na wapagazi wa Gladys walikuwa wamekwisha kupewa taa mpya. Walikuwa na furaha nazo. Waliwashiana machoni, wakatazamana makoo, mmoja akamulika ndani ya sikio la mwenzake akatangaza kwamba upande wa pili unaonekana. Mkuu wao alikuwa Basili, mtu mzima wa Kibosho mwenye mabega yaliyoinama mbele kwa miaka ya kubeba. Eliezeri aliwahi kupanda naye mara nyingi.

Elisifa alimwamkia, "Shikamoo, mzee Basili," naye akaitikia marahaba bila kuacha kukaza kamba ya mzigo. Elisifa akamweleza. Alijaribu kusema kwa ufupi na bado ikawa ndefu. Basili alimwacha amalize, kisha akanyoosha mgongo.

"Mwanangu," alisema, "miaka yote tumepewa taa za kupapasia. Mgeni anapewa nzuri, mpagazi anapewa iliyobaki. Leo kwa mara ya kwanza tumepewa inayowaka kama ya mgeni. Na leo ndiyo unakuja kutuambia tuikatae?"

Waliokuwa karibu walisogea kusikia atajibu nini. Elisifa aliona swali ni la haki. Alisema kwamba hatawaambia waikatae. Atawaomba betri.

"Betri gani?"

"Zile mnazopanda nazo."

Mtu mmoja alicheka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiganja cha betri. Zilikuwa zile zile ambazo wapagazi wote hupanda nazo, zilizoachwa na wageni wa safari zilizopita baada ya kuzitumia kwenye kamera zao. Hakuna mpagazi aliyekuwa akinunua betri mpya. Elisifa alitia baadhi kwenye taa mpya ya Basili, nyingine kwenye taa yake ya kwanza, yenye kikomo, aliyokuja nayo. Aliziwasha zote mbili. Ile mpya ilimeta vizuri sana, na watu wakaguna kwa kuiheshimu. Akazizika kwenye barafu mpaka zikabaki kuonekana kama nyota mbili chini ya maji, moja kubwa, moja ndogo. Akafunika ndoo kwa gunia, akaacha upenyo wa kuchungulia.

Kisha ikabidi kungoja, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kufukuzwa kazi. Mizigo iliendelea kupimwa. Waliokuwa wanachungulia walichoka wakaondoka. Mmoja alisema ile kubwa inawaka vizuri tu, dada arudi nyumbani akapumzike. Elisifa alisimama na mikono kwapani, akakumbuka kwamba kwenye friza la bucha baridi ilikuwa kali kuliko ya barafu inayoyeyuka, na kwamba huenda asubuhi hii anajiaibisha mbele ya mlima mzima. Eliezeri alikaa juu ya jiwe kando ya ndoo, mguu umenyooka.

Ilikuwa ni Basili aliyekuja kuchungulia pale taa kubwa ilipokatika. Aliinama, na mbele ya macho yake nyota kubwa ikawa haipo. Haikufifia. Ndogo iliendelea.

Mtu nyuma yake alisema imeharibika, vitu vya hapa hapa ndivyo vilivyo. Elisifa akatumbukiza mkono, akaitoa, akaiweka kwapani chini ya sweta, akaibana humo huku meno yakigongana. Alipoitoa na kuiwasha, iliwaka kama mwanzo, nyeupe na yenye majivuno. Alimpa Basili mwenyewe airudishe kwenye barafu. Safari hii haikuchukua muda. Ilikatika mkononi mwake.

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa wamewahi kuachwa gizani mahali fulani kule juu, na kila mmoja alikuwa amefikiri ni bahati yake mbaya.

"Yangu ilikatika hivyo hivyo," Eliezeri alisema akiwa amekaa juu ya jiwe lake.

Basili alivua ule mkanda mpya kichwani, akauweka juu ya mzigo wake, akaushusha mzigo chini. Hakutoa amri. Lakini wapagazi wa kundi lile walianza kuvua mmoja mmoja, mizigo ikashuka kwenye tope, na waliokuwa wa makampuni mengine wakasogea kuuliza kumetokea nini.

Gladys alitoka kwenye ofisi ya kuandikisha wageni akakuta watu wake wamekaa. Wageni wake walikuwa wanatazama saa. Aliuliza kuna nini, akaonyeshwa Elisifa, akamjia kwa hatua za haraka na kumuuliza yeye ni nani wa kuja kusimamisha safari ya watu.

"Mimi ndiye niliyetengeneza ile taa uliyosema inaona haya," Elisifa alimjibu. "Nimekuja nikuonyeshe kwa nini."

Alimfunulia ndoo. Gladys aliinama na koti lake zuri, akatazama. Basili akamweleza mwenyewe alichokiona, kwa Kichaga, na katika maelezo yake lilisikika neno barafu na jina la Eliezeri. Gladys alimgeukia yule kijana juu ya jiwe, akautazama mguu wake ulionyooka. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Eliezeri siku alipoumia haikuwa yake, lakini habari ile aliisikia wakati ule, kama kila mtu wa mlimani.

"Mtapanda au hampandi?" alimuuliza Basili.

"Tutapanda, mama. Tupe hiyo inayowaka bado."

Gladys alitoa simu, akaondoka pembeni. Hakuna aliyesikia aliyomwambia Melkior, ila waliuona mkono wake wa pili ukikata hewa.

Melkior alifika na pikapu, Fredy pembeni yake, na maboksi ya taa za kwanza nyuma. Alipita karibu na Elisifa kama anapita karibu na nguzo. Taa ziligawiwa, za kwanza zikavaliwa, mpya zikarudishwa kwenye maboksi, na wageni walioanza kulalamika walipewa chai ya tangawizi. Kundi liliondoka likiwa limechelewa. Basili alipopita aligonga kidole kwenye taa iliyokuwa kichwani mwake, mara moja, akaendelea na njia.

Ndipo Melkior akamjia.

"Umeniaibisha mbele ya mteja wangu," alisema.

"Nimekuaibisha, mzee. Ningekuacha, siku nyingine ungeitwa geti hili hili kuja kupokea mtu."

Melkior alimtazama Eliezeri akijikongoja kuinuka juu ya jiwe. Alimwambia Fredy wapakie.

Baadaye alifanya alichopaswa kufanya. Taa zote zilifunguliwa, programu yenye kikomo ikarudishwa, pamoja na ule mwanga wa kitambo, na Gladys alinunua nyingine. Dukani bado zilionekana hafifu pembeni ya zile za makontena, na Melkior hakuacha kulalamika kuhusu hilo kwa yeyote aliyemsikiliza. Lakini wapagazi wa makampuni mengine walianza kuziulizia, na aliyeulizia alitaka ile isiyokatika. Hilo ndilo jina lililoshika. Melkior akaliandika kwenye boksi kana kwamba ni yeye aliyelibuni.

Melkior hakumrudisha Elisifa kazini. Wala Elisifa hakuomba. Fredy alipombipu kumuuliza kwa nini ule mwanga wa kitambo unagoma betri ikiwa na unyevu, alimpigia akamweleza hatua kwa hatua, kwa salio lake mwenyewe. Mama yake alipomuuliza kwa nini anamfanyia bure kazi mtu aliyemfukuza, alisema hamfanyii Melkior.

Alikodi kibanda kidogo karibu na stendi, akawa anatengeneza simu, redio na taa. Gladys alimletea taa zake zote zilizoharibika, hakuwahi kusema samahani kwa lile neno la stoo, na kila mara alilipa bila kubishana bei, jambo ambalo watu waliomjua walilistaajabia.

Msimu wa kiangazi mpagazi mmoja mgeni, kutoka upande wa Marangu, alisimama kibandani na taa ya kikomo mkononi. Alikuwa na hasira. Alisema ameuziwa taa mbovu, haiwaki inavyotakiwa, tochi ya mtoto wake inamulika kuliko hii, na ameambiwa aliyeibana ni yeye. Alitaka aifungue aiachie.

Elisifa aliipima betri yake, akaifunga, akamrudishia.

"Panda nayo," alimwambia. "Ukishuka, njoo unitukane."

Alishuka. Alikuja na mkanda uliokatika, akaomba ushonwe. Elisifa aliushona huku akimtazama kwa chini, akimngoja. Mtu yule alizungumzia mvua, bei ya kahawa, na mgeni wake mmoja aliyepanda na gitaa. Kuhusu mwanga hakusema neno. Akaivaa taa kichwani, mchana ule ule wenye jua, akashika njia ya stendi.